Tablo isiyo na sura, inakumbusha nini?

Katika miaka ya 1970, mutu aliyeingia mu nyumba ya mufanyakazi wa Gécamines, ao ya karani, ao ya mwalimu mu Lubumbashi, mara nyingi alikuta tablo kwenye ukuta wa saloni. Pengine ilikuwa mamba muntu, yule mwanamuke mwenye mukia wa samaki. Pengine ilikuwa ile tuliyoita "Colonie belge": mufungwa amelala chini, polisi anamuchapa fimbo, muzungu amesimama anaangalia. Pengine ilikuwa Lumumba.

Kwa kuchagua tablo, watu walikuwa na neno moja: ukumbusho. Tablo nzuri ni ile inayokumbusha. Haikutosha rangi zipendeze. Mugeni alipaswa kukaa kwenye kiti, kuinua macho na kuuliza, na mwenye nyumba aanze kuelezea: "Hii njo ile siku..." Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 mu muji huu wakati ulipoitwa Elisabethville, alifuata neno hilo mpaka mwisho. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alimuchorea Johannes Fabian, mutafiti wa mambo ya watu, tablo karibu 100 juu ya historia ya inchi, na alizielezea moja moja kwa Kiswahili chetu cha hapa.

Sasa weka tablo nyingine kwenye ukuta ule ule. Hakuna mutu, hakuna mutumbwi, hakuna muti. Kuko mistari, madoa, na nyekundu inayoingia mu nyeusi. Mugeni anainamisha kichwa upande huu, tena upande ule. Anauliza: "Hii inakumbusha nini?" Muchoraji anajibu kwamba ni abstre, ni kusema sanaa isiyoonyesha sura ya kitu. Mugeni anasema: "Aa, ni mambo ya bazungu hii. Iko tu rangi rangi." Mazungumuzo yanaisha hapo.

Mu mikutano ya wasomi jibu ni lingine. Pale mutu anasimama na kusema kwa sauti: "Abstre ni yetu! Picasso aliiba kwetu!" Watu wanapiga makofi, kisha wanakwenda kula. Majibu haya mawili yanapingana, lakini matokeo yake ni mamoja. Mutu wa kwanza haangalii tablo kwa sababu si yake. Mutu wa pili haangalii kwa sababu anaona ni yake tayari. Kwa upande wetu, ulizo la mugeni ni lenye maana kuliko majibu yote mawili, na ndilo tutafuata katika andiko hili.

Wazungu waliona nini

Tuanze kule mambo yalikotokea. Tarehe 7 Juni 1905, mu Dresden, inchi ya Ujerumani, vijana wane waliokuwa wanasomea ujenzi wa majumba walianzisha kikundi walichokiita Die Brücke, maana yake Daraja. Majina yao ni Ernst Ludwig Kirchner, Erich Heckel, Karl Schmidt-Rottluff na Fritz Bleyl. Walikuwa wamechoka na tablo za akademi, zile zenye kulainishwa mpaka alama ya mukono wa muchoraji haionekani tena. Mu muze ya muji wao kulikuwa vitu vya Afrika na vya visiwa vya Pasifiki. Wakaviangalia, wakarudi nyumbani, wakachonga miti na kuacha mikato ya chuma ionekane wazi. Njo ile tunaita ekspresionismu: uso wa mutu unaweza kuwa kijani, nyumba inaweza kupindika, mradi tablo itoe inje yale yanayomuchoma muchoraji ndani ya roho yake.

Mu Paris mambo yalikwenda vilevile kwa njia nyingine. Mwaka 1906 Henri Matisse alinunua mu duka sanamu ndogo ya Wavili, watu wa pwani ya Loango, akamuonyesha Picasso. Mwaka 1907 Picasso alitembelea muze ya Trocadéro, na mwaka ule ule alichora Les Demoiselles d'Avignon, tablo kubwa ya wanawake watano ambayo nyuso mbili za upande wa kuume zimekatwa kama maski. Mu Munich, mwishoni mwa mwaka 1911, Wassily Kandinsky alitoa kitabu juu ya mambo ya roho katika sanaa. Alisema rangi inaweza kugusa roho ya mutu kama vile sauti ya muziki inavyoigusa, bila kupita kwanza kwa sura ya farasi ao ya kanisa. Mwaka 1912 yeye na Franz Marc walitoa kitabu Der Blaue Reiter. Mu kurasa zake, picha za maski na sanamu za mabara mengine zimewekwa sawasawa na tablo za Ulaya.

Kisha mwaka 1915 Carl Einstein, Mujerumani, alitoa kitabu Negerplastik, juu ya sanamu za watu weusi. Ni kati ya vitabu vya kwanza Ulaya kusema kwamba sanamu hizi ni sanaa kamili na si michezo ya watu wasio na akili. Tunapaswa kumushukuru kwa hilo. Lakini fungua kitabu chenyewe: kuna picha zaidi ya 100, na chini ya picha hakuna neno. Hakuna jina la watu waliochonga, hakuna jina la fasi, hakuna kazi ya kitu. Sanamu iliyoondoka kwetu na jina, cheo na kazi ilifika kule ikiwa umbo peke yake. Umbo hilo lilikuwa na nguvu, na wachoraji walifanya nalo mambo makubwa. Lakini lilikuwa kama barua ambayo mutu anaisifu kwa uzuri wa mwandiko wake bila kuifungua.

Kuna mufano mumoja ambao tungependa kila mwalimu wa sanaa aujue. Mwaka 1984 muze ya sanaa ya kisasa ya New York ilipanga maonyesho makubwa juu ya wachoraji wa Ulaya na sanaa za Afrika, Oseania na Amerika. Mu kitabu cha maonyesho, William Rubin aliweka uso mumoja wa tablo ile ya Picasso karibu na maski ya Wapende wa inchi yetu, yenye uso uliopindika, pua na mudomo vimevutwa upande. Vinafanana kama mapacha. Lakini Rubin mwenyewe aliandika kwamba Picasso hakuweza kuona maski ya namna hiyo mu Paris mwaka 1907. Kwa hiyo wale wanaopiga kelele "aliiba hii!" wanachagua mufano usiosimama. Kufanana kwa macho hakutoshi kuwa ushuhuda.

Hata hivi, tusiwacheke wale vijana wa Ulaya. Wakati watu wengi wa kwao waliita vitu vyetu fetishi za kutupa, wao walisimama mbele yake na kunyamaza. Tena walilipa. Mwaka 1937, mu Munich, serikali ya Hitler ilitundika zaidi ya tablo na sanamu 600 za wachoraji wa kisasa ili watu waje kuzicheka na kuzitemea maneno, na moja ya makosa waliyowekewa wachoraji ni kupenda sanaa za watu weusi. Kazi za Kirchner zilikuwamo. Mwaka uliofuata alijiua. Huku kwetu, katika miaka ya ukoloni, maski nyingi zilitupwa mu moto kwa sababu zilisemwa ni za shetani. Moto wa huku na kicheko cha kule vilitoka kwa watu wenye uhakika kwamba wanajua sura ya kweli ni ipi.

Maski si kilio

Lakini kuheshimu mutu hakukatazi kumusahihisha. Ekspresionisti waliona katika maski kilio: roho ya mutu wa zamani, isiyofungwa na sheria, ikipasuka inje. Hapo njo walikosea, na kosa hilo linaishi mpaka leo, hata katika midomo ya wasomi wetu wenyewe.

Chukua kifwebe ya Wasongye. Mutu asiyejua anaona macho yaliyofungwa nusu, mudomo wa mraba unaotoka mbele, na uso wote umejaa mistari iliyochimbwa. Anasema: "Inatisha, ni hasira." Lakini mistari ile ina kanuni. Maski ya kike ni nyeupe zaidi, na juu ya kichwa haina ukingo unaopanda. Nyeupe ni rangi ya mwezi, ya usafi, ya amani. Inatoka wakati wa mwezi mupya, ao wakati chifu amekufa na mwingine anasimikwa, na inacheza polepole. Maski ya kiume ina ukingo katikati ya kichwa, na ukubwa wa ukingo unaonyesha ukubwa wa nguvu zake. Ina nyekundu na nyeusi, na mwendo wake ni wa ghafula. Nyuma yake kuna kikundi, bwadi bwa kifwebe, kilichokuwa na kazi ya kuchunga amri ya watawala. Kwa hiyo hasira unayoiona mbele yako si hasira ya muchongaji. Pengine siku ile muchongaji alikuwa mutu mutulivu, tumbo limeshiba. Anachochonga ni sheria. Ni kama kofia ya polisi: haituambii kama polisi mwenyewe ameamka vibaya.

Na ile maski ya Wapende tuliyotaja? Inaitwa mbangu. Uso wake umepindika na umegawanywa, upande mumoja nyeusi na upande mwingine nyeupe, kwa kuwa inaonyesha mutu aliyepigwa na ugonjwa ao na ulozi. Wakati inacheza, watu wanafundishwa wasimucheke mutu mwenye bahati mbaya, kwa maana bahati mbaya inaweza kumufikia kila mutu. Kuna uchungu ndani yake, ndiyo. Lakini ni uchungu uliofikiriwa, uliotafutiwa umbo, na uliowekwa mbele ya watu ili uwafundishe. Mwenye kuiita "kilio cha Afrika" anaondoa fundisho na kubakiza mudomo uliopindika.

Ubao unaosomwa kwa kidole

Tuje sasa kwa abstre yenyewe. Kama kuna kitu kimoja kinachoweza kujibu mugeni wetu wa saloni, ni lukasa ya Waluba.

Lukasa ni ubao mudogo, unaoenea mu mukono. Juu yake wamefunga ushanga na magamba ya konokono, wamepigilia vipini vya chuma, wamechora mistari. Hakuna uso wa mutu unaolazimika kuwapo, hakuna nyama, hakuna muti. Muzungu wa Munich angeuona, angesema: "Huyu ndugu yangu." Lakini mutu wa Mbudye, kikundi kile cha wachungaji wa historia, aliushika kwa mukono wa kushoto, akatembeza kidole cha mukono wa kuume juu yake, akaanza kuimba na kusema. Ushanga mukubwa uliozungukwa na midogo ni chifu pamoja na watu wake. Mustari wa ushanga ni njia, ni safari. Ushanga mwekundu unamukumbusha Nkongolo Mwamba, yule mufalme mwekundu mukali, kabla ya kuja kwa muwindaji Mbidi Kiluwe na kuzaliwa kwa Kalala Ilunga. Ufalme wote, pamoja na miji yake, miiko yake na ugomvi wake, ulienea katika ubao ambao mutoto anaweza kuubeba.

Angalia jambo hili vizuri. Lukasa ni abstre, na lukasa ni ukumbusho. Vitu hivi viwili ambavyo mu saloni tulidhani haviwezi kukaa pamoja, wazee wa Kiluba waliviweka kwenye ubao mumoja. Kwa hiyo mugeni anakosea akisema kwamba tablo isiyo na sura haiwezi kukumbusha. Lakini tena anasema kweli akidai ikumbushe. Anachosahau ni kwamba lukasa haikujisema yenyewe. Ilihitaji mutu aliyefundishwa kwa miaka. Tena hakuisoma kama gazeti, neno kwa neno. Alisoma kadiri ya siku, ya mahali, na ya watu waliokaa mbele yake. Ubao ulikuwa mumoja na maelezo yalikuwa mengi, lakini hayakuwa ya ovyo.

Wakuba nao wana njia yao. Mu nguo zao za rafia, zile tunazoita veluri ya Kasai, wanaume wanafuma na wanawake wanadarizi, kisha wanakata nyuzi mpaka zinakuwa laini kama manyoya. Mistari inakwenda, inavunjika, inageuka pale ambapo macho hayakungojea. Na michoro ile ina majina, ijapokuwa pengine watu wawili wanaita muchoro mumoja majina mawili. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimuonyesha mufalme wa Wakuba pikipiki. Walingojea ashangae mashini. Yeye akaangalia chini, pale magurudumu yalipopita kwenye muchanga, akataka muchoro ule unakiliwe, na ukapewa jina lake. Muchoro ulitoka kwa gurudumu, lakini ulipopata jina uliingia katika hesabu ya mambo ya Wakuba.

Matisse alikuwa na nguo hizi za Wakuba nyingi na alizitundika kwenye ukuta wa fasi yake ya kazi. Katika miaka ya 1940, akiwa muzee na mugonjwa, alikata makaratasi ya rangi na kuyapanga. Mutu aliyezoea veluri ya Kasai akiona kazi zile anajisikia karibu na nyumbani. Lakini tuseme ukweli wote: kwa Matisse nguo ile ilimufundisha mwendo wa umbo. Jina la muchoro hakulihitaji. Kwa mwanamuke aliyedarizi, jina lilikuwa sehemu ya kazi.

Sebene na Hangar

Hapa musomaji mwenye akili atatupinga. Atasema: "Je, kila kitu kinapaswa kusomwa? Wakati gitaa inaingia mu sebene, nani anauliza inakumbusha nini?" Ni pingamizi kubwa, na tunalikubali. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipomurekodi Jean Bosco Mwenda wa Bayeke mu Jadotville, vidole vya kijana yule vilisema mambo ambayo maneno hayakufikia, na watu wa inchi ambazo hazisikii Kiswahili waliyasikia. Sebene ni abstre ya masikio. Hakuna mutu hapa kwetu anayeiita mambo ya bazungu. Kandinsky alipofananisha rangi na muziki, aliomba macho yapewe ruhusa ileile ambayo masikio yanayo tayari. Ruhusa hiyo ni ya haki.

Basi kuko abstre ya namna mbili: ya sebene, inayoingia moja kwa moja mu mwili, na ya lukasa, inayohitaji musomaji. Kosa la Wazungu wa mwaka 1910 lilikuwa kuchukua vitu vya lukasa na kuvisikiliza kama sebene. Kosa letu ni kwamba tumewafuata.

Na tulifuata mapema, hapa hapa Lubumbashi. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés, Mufaransa aliyekuwa ofisa wa jeshi la maji, alifungua fasi ya kuchorea iliyojulikana kwa jina la Hangar. Pale walitoka Bela, aliyechora kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy, na samaki, ndege na nyoka wake ambao hawaachi pembe moja ya tablo tupu. Na Mwenze Kibwanga. Bwana Desfossés alikuwa na mapenzi ya kweli kwa vijana wake. Lakini fundisho lake lilikuwa lile la Dresden: asiwafundishe kunakili Ulaya, awaache watoe roho yao ya ndani. Lilikuwa fundisho lenye heshima, lakini lilikuwa na mutego. Kijana wa muji wa migodi, anayeona treni na sinema kila siku, aliombwa awe mutu wa pori. Na wanunuzi wakubwa, waliokuwa Wazungu, walipenda pori hilo. Mwaka 1951 Laurent Moonens alianzisha Akademi, na kisha kifo cha Desfossés mwaka 1954 watu wa Hangar waliingia mule.

Lakini wachoraji wazuri wanashinda mafundisho ya walimu wao. Simama mbele ya tablo ya Mwenze. Muwindaji, nyama na udongo vyote vimefanywa kwa mistari mifupi, iliyopangwa karibu karibu, ya rangi za udongo na makaa. Kinachotenganisha mutu na udongo ni upande ambao mistari inaelekea. Ukikaribia sana, muwindaji anapotea na unabaki na mistari tu. Ukirudi nyuma, anatokea tena. Hapo sura na abstre vimekaa mu nyumba moja bila ugomvi. Mutu aliyeona mistari ya kifwebe hawezi kuacha kuifikiria. Hatusemi Mwenze aliinakili. Tunasema jicho lililozoea mistari inayobeba maana litaona kazi yake zaidi kuliko jicho linalotafuta "roho ya Afrika". Mwenze alikufa mwaka 1999, na Pilipili mwaka 2007. Bado tunawajua zaidi kwa majina kuliko kwa kazi zao.

Kisha ikaja siasa ya kurudilia uasili. Mwaka 1973 wahakiki wa sanaa wa dunia walifanya mukutano wao mu Kinshasa, na inchi ilitaka kuwaonyesha sanaa ya kisasa na ya asili kwa wakati mumoja. Kazi nzuri zilitoka. Lakini ukaingia pia ule ugonjwa ambao tunauona mpaka sasa kando ya barabara na mu hoteli: muchoraji anafanya madoa na mistari, anaona kwamba tablo haina kabila, basi anabandika maski mu pembe kama muhuri wa serikali. Muulize: ni maski gani? Ya watu gani? Inacheza siku gani? Anacheka. Maski ile haikumbushi kitu tena. Imekuwa rangi rangi kuliko madoa yanayoizunguka.

Vitu vikirudi, nani atavisoma?

Kwa nini tunasema haya leo? Kwa sababu vitu vyenyewe vimeanza kutajwa kurudi. Mwezi wa Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilitoa kwa serikali yetu orodha ya vitu karibu 84 000 vilivyomo mu muze ya Tervuren. Mwezi wa Juni mwaka ule ule mufalme Philippe alileta Kinshasa maski kubwa ya Wasuku, Kakuungu, mu muze ya taifa iliyofunguliwa mwaka 2019. Aliileta kwa mukopo usio na mwisho. Ni neno la ajabu kwa mali ya mwenyewe, lakini tuliache leo. Tuangalie Kakuungu yenyewe, na mashavu yake yaliyovimba na kidevu kinachotoka mbele. Kirchner angeipenda. Watoto wa shule wanaopita mbele yake nao wanasema: "Inatisha." Kama hakuna mutu pale wa kuwaambia kuhusu kambi ya vijana wanaotahiriwa, na kazi ya maski ile katika kuwalinda, basi imesafiri kutoka kabati moja ya vioo mpaka kabati nyingine. Tutakuwa tumerudisha mali, na macho yetu yamebaki Munich.

Tunaogopa hilo kuliko tunavyoogopa abstre. Mambo mengi tunayojua leo juu ya lukasa yameandikwa mu vitabu vya Wamarekani, kama kile cha maonyesho ya Waluba yaliyofanywa New York mwaka 1996. Tuwashukuru, kwa sababu walikaa chini na kuuliza wazee. Lakini wazee wale walikuwa wa kwetu, na barabara ya kwenda kwao ilikuwa fupi kwetu kuliko kwao.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwa walimu: musifundishe Picasso na kifwebe kama mashindano ya nani alikuwa wa kwanza. Mutume mwanafunzi kwa muzee na ulizo moja la kweli: huu mustari unaitwaje? Arudi na jibu, hata kama ni majibu mawili yanayopingana, ndipo achukue rangi. Kwa wachoraji vijana: chora abstre kadiri unavyotaka, hakuna mutu mwenye haki ya kukuambia ni ya bazungu. Lakini jua kama unapiga sebene ao unafunga lukasa. Ukipiga sebene, upige vizuri, kwa sababu masikio ya hapa yamezoea mabwana wakubwa, na macho nayo yatakuwa makali vilevile. Ukifunga lukasa, fundisha angalau mutu mumoja kuisoma kabla hujafa.

Na wewe mugeni wa saloni, usione haya kwa ulizo lako. Uliza tena: "Hii inakumbusha nini?" Muchoraji akijibu tu "ni abstre", umuambie kwamba hata lukasa ni abstre, kisha uvute kiti karibu na umungojee.